Bata wa binti yangu amelegea shingo, hawezi kusimama (Igombe, Mwanza). Naombeni msaada

Mama wa Igombe:

Habari za jioni wanajamvi. Naombeni mawazo, hasa wenye uzoefu na bata, maana huku kila ninayemuuliza ananijibu habari za kuku.

Tuna bata maji jike, mweupe mwenye madoa meusi kichwani. Hatumfugi kwa ajili ya kuuza wala kula. Binti yangu alipewa na bibi yake Ukerewe akiwa kifaranga, akamlea mwenyewe, akamwita Bahati. Akienda shule Bahati anamsindikiza mpaka barabarani, akirudi anamlaki.

Jana jioni alirudi anaburuza miguu. Usiku akakaa chini kabisa. Leo asubuhi mabawa yameshuka na shingo haibebi kichwa, mdomo umelala sakafuni. Macho yamefumba nusu. Anatusikia, ukimwita anajaribu kugeuka anashindwa. Hajala. Kinyesi ni maji ya kijani. Hana kamasi, hakohoi, sijaona jeraha wala uvimbe. Kuku wa majirani ni wazima. Nimemtenga kwenye boksi jikoni, na binti amekataa kutoka pale. Nifanye nini usiku huu?

Mzee wa Kirumba:

Pole sana dada. Huo ni mdondo. Bata akishalaza shingo haponi, nimeona wengi. Chinja mapema mle, akifa mwenyewe mtakosa vyote.

Kijana wa Buhongwa:

Mama, kesho asubuhi pita duka la dawa za mifugo, chukua oksitetrasaiklini, ile ya unga wa njano. Weka kwenye maji ya kunywa. Kuku wangu huwa wanaamka nayo.

Mama wa Igombe:

Asanteni. Kumchinja hapana, baba, samahani. Huyu ni wa mtoto. Na hiyo dawa ya kwenye maji, mdogo wangu, ataipataje? Hawezi kuinua kichwa anywe.

Bibi wa Luchelele:

Mwanangu, usimwekee chombo cha maji karibu mpaka umalize kusoma hapa. Bata asiye na shingo anazama kwenye beseni la kina cha vidole viwili, na hapigi kelele.

Nimefuga bata tangu watoto wangu wadogo, na nimekaa karibu na ziwa maisha yangu yote. Nijibu mambo mawili kabla sijasema lolote. La kwanza: shingo imelegea au imepinda? Mnyanyue kichwa taratibu kwa kiganja kisha uachie kidogo. Kikianguka chini kama hakina mfupa, imelegea. Kikijikunja kuelekea mgongoni au ubavuni, kikazunguka, na mwili unatetemeka, imepinda. Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. La pili: juzi na jana alikuwa anachokora wapi? Usiniambie tu ziwani. Nataka kujua mahali penyewe.

Mama wa Igombe:

Shingo imelegea, bibi. Haipindi, haitetemeki. Kinaanguka tu.

Mahali: nimemuuliza binti. Kuna dimbwi nyuma ya vichanja vya kuanikia dagaa. Mvua za wiki hii dagaa wengi wameharibika kabla hawajakauka, wakatupwa pale kwenye gugu maji. Pananuka. Anasema Bahati alikuwa anakula funza pale na alifurahi sana.

Bibi wa Luchelele:

Basi nimekuelewa. Kwa maelezo hayo naona sumu ya mizoga, wataalamu wanaiita botulizimu. Nakueleza kwa urefu kwa sababu ukielewa inavyofanya kazi utajua mwenyewe cha kufanya saa nane za usiku ambapo hakuna wa kumuuliza.

Kuna kijidudu kinaitwa Clostridium botulinum. Kinakaa kwenye tope miaka mingi kimetulia. Mzoga ukioza mahali pasipo na hewa, na pana joto kama la huku kwetu, kinaamka na kutengeneza sumu. Funza wanaokula mzoga huo wanajaa sumu, wenyewe haiwadhuru. Bata akila funza anaila yote. Sumu hiyo inazuia amri ya mishipa ya fahamu isiifikie misuli: inaanza miguu, inapanda kwenye mabawa, inamalizia shingo na kope. Akili inabaki nzima. Ndiyo maana Bahati anamsikia mwanao na hawezi kugeuka kumwangalia, na ndiyo maana nakuomba mwambie binti aendelee kuzungumza naye. Bata ni wa kundi, akitengwa gizani peke yake anakata tamaa haraka.

Kinachowaua ni kulegea kwa misuli ya kupumua, kuzama, au kiu. Hilo la kwanza liko mikononi mwa Mungu na kiasi alichokula. Hayo mengine mawili yako mikononi mwako.

Usiku huu fanya hivi. Mtoe kwenye boksi lenye sakafu ngumu. Chukua kanga kuukuu, ipinde kata kubwa, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, umkalishe katikati. Kifua kikae juu ya kitambaa laini na miguu iwe chini yake kiasili, isitokeze pembeni. Kata ya pili, ndogo, iweke chini ya shingo ili kichwa kiwe juu kidogo kuliko mwili. Hiyo inazuia kilichomo kooni kisirudi kikaingia kwenye njia ya hewa. Mgeuze upande kila baada ya saa chache, vinginevyo kifua kinachubuka na hicho kidonda kinakuwa ugonjwa mwingine.

Maji. Chemsha lita moja, yakipoa weka vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, visiwe vya mlima. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano. Usimfungue mdomo na kumwagia katikati! Nyuma tu ya ulimi wa bata kuna kitundu kinachofunguka na kufumba, hiyo ndiyo njia ya hewa, na huyu hana nguvu ya kuifunga. Weka tone pembeni mwa mdomo, subiri uone koo likimeza, ongeza lingine. Akimeza vizuri mpe mililita 5 kwa mkupuo, pumzika, rudia baada ya saa moja. Asipomeza kabisa, acha. Hapo anahitajika bwana mifugo anayejua kumpitishia mpira mpaka tumboni.

Chakula usimpe bado. Najua inauma kumwangalia hajala, lakini chakula kwenye koo lililolegea ndicho kinachompalia. Kinyesi cha kijani kisikutishe, ni nyongo inayotoka kwenye tumbo tupu. Wala usishtuke ukimgusa na kumwona wa moto: joto la kawaida la bata ni kati ya nyuzi 41 na 42. Usiku umfunike, mchana akae kivulini pasipo na jua la moja kwa moja.

Macho hayafumbi vizuri, yatakauka. Chovya pamba kwenye maji ya chumvi yaliyochemshwa na kupoa, mfute taratibu asubuhi na jioni.

Kijana wa Buhongwa:

Bibi shikamoo. Kwa hiyo ile dawa ya njano haisaidii kabisa? Nimeshawapa watu wengi ushauri huo.

Bibi wa Luchelele:

Marahaba mjukuu wangu. Ile inapigana na bakteria walio hai. Huyu bata ana sumu iliyokwisha tengenezwa, na dawa haiifuti. Ndiyo hivyohivyo kwa mdondo, ule ni wa virusi. Kuna siku bata anaihitaji kweli, ana kipindupindu cha ndege au kidonda kimeoza, lakini siku hiyo aseme mtu aliyempima.

Mtaalamu wa mifugo, Magu:

Nimefika usiku, nimesoma kuanzia juu. Naungana na mama wa Luchelele kwa sehemu kubwa, naongeza machache.

Kuhusu mdondo: bata mara nyingi huubeba virusi bila kuumwa sana, wakati kuku anakufa. Kwa hiyo nyumba ambayo bata mmoja amelala na kuku wote wa jirani ni wazima, mdondo si wa kwanza kwenye orodha yangu. Lakini hao kuku wachanjwe. Chanjo ya I-2 ya tone la jicho inastahimili joto kuliko zile za zamani, inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Pili, kwenye mialo tuna risasi za nyavu, vile vizito vya madini ya risasi. Bata anameza kipande cha risasi akidhani ni changarawe, kinasagwa kwenye firigisi, sumu inaingia taratibu. Naye hulegea, kinyesi cha kijani, anakonda. Tofauti ni mwendo: risasi huchukua wiki, mwili unakwisha nyama kifuani. Mama, mpapase mfupa wa kifua. Kama nyama bado imejaa pande zote mbili na alikuwa mzima mpaka juzi, hoja ya funza ina nguvu zaidi.

Tatu, naliweka wazi kwa heshima kwa mzee wetu wa Kirumba. Bata mgonjwa ambaye hujui anaumwa nini hachinjwi kuliwa. Mwezi Januari 2017 wenzetu wa Uganda walithibitisha mafua ya ndege aina ya H5N8, yakiua ndege wa porini pwani ya ziwa hilihili karibu na Entebbe, na yakaingia kwa bata na kuku wa Masaka. Ziwa ni moja na ndege hawajui mpaka. Wakianza kufa kadhaa kwa pamoja, wa mwituni au wa nyumbani, usiguse kwa mikono mitupu, usinyonyoe, mwite afisa mifugo wa kata. Mzoga mbichi uliofungwa vizuri na kuwekwa kwenye barafu unaweza kupelekwa maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania) hapa Mwanza ukapasuliwa na kuchunguzwa.

Na binti anawe mikono kwa sabuni kila akimaliza kumhudumia, asimbusu mdomoni. Bata hubeba salmonela akiwa mzima kabisa.

Mzee wa Kirumba:

Nimekuelewa daktari. Hilo la mafua sikulijua. Dada, usimchinje.

Mama wa Igombe:

Kifua kimejaa nyama, daktari. Nimepapasa, mfupa hautokezi.

Usiku tumempa maji kwa zamu, mimi, baba yake na binti. Mwanzoni alikuwa anachelewa kumeza, tunasubiri mpaka tunadhani hatameza tena, halafu koo linacheza. Kuelekea alfajiri akawa anameza haraka zaidi. Kata imesaidia sana, amekaa kama bata tena. Nikimfinya kidole cha mguu anavuta kidogo. Shingo bado.

Bibi wa Luchelele:

Kuvuta mguu ni habari njema. Endelea na maji, na sasa kwa sababu anameza haraka, mpe uji mwembamba wa kupita kwenye bomba: dona kavu lisilo na ukungu, na unga wa dagaa wasafi uliochekechwa. Kidogo sana, mara nyingi. Mtazame pumzi. Akianza kupumua kwa mdomo wazi na mkia unapanda na kushuka, acha kila kitu na umwite mtaalamu.

Nimesema lisilo na ukungu na ninarudia kwa wote wanaosoma. Bata, hasa vifaranga, ni miongoni mwa ndege wanaoumizwa mno na sumukuvu ya mahindi na karanga. Sumu hiyo yenyewe iligunduliwa baada ya maelfu kwa maelfu ya batamzinga kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na vifaranga wa bata walikufa nao. Pumba iliyoshika unyevu watu wanasema "ya bata hiyo, hana shida". Bata ndiye mwenye shida kuliko wote.

Mfugaji wa Musoma:

Bibi samahani naingilia. Nina vifaranga wa bata wa wiki tatu, miguu inapinda kwa nje, wanatembea kwa magoti. Nawalisha pumba za mahindi na mabaki ya ugali. Je, nao wamekula funza?

Bibi wa Luchelele:

Hapana mwanangu. Hao shingo ni nzima, sivyo? Wana njaa ya vitamini B3, niasini. Kifaranga wa bata anaihitaji kwa wingi kuliko wa kuku, na iliyomo kwenye mahindi imejifunga, mwili hauipati vizuri. Wape dagaa wa kusaga kila siku na karanga safi zilizopondwa, na dukani uliza unga wa vitamini B za kuku, wa kuyeyusha kwenye maji. Anza leo. Mguu uliopinda siku chache unanyooka, uliokomaa hivyo haurudi. Na watoe kwenye sakafu ya kuteleza, tandika maranda.

Mfugaji wa Musoma:

Ubarikiwe. Natoka kwenda dukani sasa hivi.

Mama wa Igombe:

MREJESHO. Wapendwa, Bahati ameinua kichwa! Si muda mrefu, anakiinua, kinayumba, anakirudisha kwenye kata. Binti alikuwa anamwambia habari za shule, akakiinua na kumwangalia. Sote tulikuwepo. Baba yake alitoka nje kimya akaenda kuchota maji.

Swali: anapiga piga mdomo kama anataka kuchezea maji. Nimpe beseni?

Bibi wa Luchelele:

Alhamdulillah. Nimefurahi mno, nimewasomea na wajukuu hapa.

Mpe kikombe kizito chenye kina, ukishike wewe. Bata anahitaji kutumbukiza mdomo mpaka kwenye matundu ya pua ayasafishe, na chombo cha bapa hakimsaidii. Azamishe, atoe, umwondolee. Kuogelea bado. Siku zote alizolala hajachana manyoya wala kuyapaka mafuta kutoka kwenye tezi ya juu ya mkia, kwa hiyo maji yatapenya mpaka kwenye ngozi, atalowa, atapigwa baridi na kuzama. Akisimama mwenyewe na kuanza kujichana, hapo mwogeshe kwenye beseni ukiwepo, kisha mkaushe kwa taulo.

Miguu itachelewa kuliko shingo. Mnyanyue kwa kitambaa kilichopita chini ya tumbo, vidole viguse chini, aikumbuke kazi yake. Dakika chache tu, asichoke.

Mama wa Igombe:

Sawa bibi. Kuna lingine. Jirani upande wa pili ana bata kadhaa, mmoja ameonekana leo anaburuza miguu, na mwingine alikutwa amekufa pembeni ya dimbwi lilelile. Yeye anasema ni kijicho cha watu. Nimwambieje?

Mtaalamu wa mifugo, Magu:

Mwambie leo, usingoje kesho. Huyo aliyekufa akibaki pale anazalisha funza wapya na mzunguko unaanza upya, kila mzoga unaua wengine. Mtu avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Huyo mmoja, kwa kuwa ni mbichi, afungwe apelekwe maabara, ili tuwe na uhakika na tusibaki kukisia. Dagaa waliooza wote wakusanywe na kuchomwa au kufukiwa shimo refu mbali na maji, mbwa wasifukue. Ongeeni na viongozi wa BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo) na mwenyekiti wa mtaa, wavuvi wenyewe wana watoto na mifugo pale, watasikia. Dagaa walioharibika kwa mvua wawe na shimo lao kila msimu wa mvua.

Bata wazima wafungiwe ndani kwanza, wapewe maji safi ya kutosha kwenye ndoo. Wasirudi dimbwini mpaka pamesafishwa na maji yamebadilika. Na wafu wasiliwe, wala wasitupiwe mbwa au nguruwe.

Mama wa Igombe:

Nimekwenda na simu yangu nikamsomea maneno yenu yote, nikamchukua na kumwonyesha Bahati. Amekubali kuwafungia. Kwa ajili ya yule bata anayeburuza miguu, nimemfundisha jirani kukunja kata na kupima chumvi na sukari, usiku huu nitakwenda kumsaidia zamu ya kwanza. Mzoga kijana wake anaupeleka maabara asubuhi. Mwenyekiti ameahidi watu wa kuchimba shimo.

Bibi, huyo wa kwake anameza vizuri lakini jicho moja limeshikana kabisa halifunguki. Nilifungue kwa nguvu?

Bibi wa Luchelele:

Usilivute. Pamba yenye maji ya uvuguvugu ya chumvi, iweke juu ya jicho mpaka ukoko ulainike, ndipo ufute kutoka pembe ya ndani kwenda nje. Pamba moja jicho moja, itupe. Halafu nawa mikono kabla hujarudi kumshika Bahati. Niko macho mpaka usiku wa manane, akichelewa kumeza niandikie.